Bustani ya mboga nyuma ya nyumba: ianze Februari, masika yakukute uko tayari

Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha usiku, asubuhi yake majembe hutoka stoo karibu kila nyumba mtaani kwetu Kigamboni. Watu hulima mchanga uliolowa, humwaga mbegu za mchicha, na kwa wiki mbili hivi uwani hupendeza. Kisha Aprili huingia na mvua zake kubwa. Mchicha uliochipua kwenye ardhi tambarare husombwa mpaka mtaroni, uliobaki hugeuka manjano, na kufikia Mei pale pamerudi kuwa pa kuanikia nguo.

Nami nilipoteza masika mawili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu nilianza Februari, jua likichoma na hakuna jirani anayefikiria bustani, na mwaka huo sikununua mchicha tangu Aprili mpaka Septemba. Ninayoandika hapa ni kazi ile, hatua kwa hatua, kama ningekuwa nimesimama nawe uwani kwako.

Kalenda yangu ni ya pwani: Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, hata Mombasa, ambako masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Aliyeko Iringa au Mbeya ana msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza Novemba au Desemba, kwa hiyo asogeze miezi. Kazi ya Februari yeye aifanye Oktoba. Namna ya kujenga tuta haibadiliki.

Kaa uwani kwanza

Chukua kiti na kikombe cha chai, kaa nyuma ya nyumba siku ya mapumziko. Uende na vijiti vichache. Saa 2 asubuhi chomeka kijiti pale kivuli cha nyumba kinapoishia. Rudia saa 6 mchana na saa 10 jioni. Jioni utaona wazi sehemu inayopata jua muda mrefu zaidi. Nyanya, bamia, bilinganya na pilipili zinataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Mchicha, matembele na spinachi huvumilia hata saa 4.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni, na lilinigharimu msimu mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita utosini kabisa, kisha huhamia upande wa kaskazini na kukaa huko mpaka Oktoba. Kwa hiyo kivuli unachokipima Februari si kivuli utakachokuwa nacho Juni. Ukuta wa mita 3 ulio kaskazini mwa bustani hautupi kivuli chochote bustanini saa 6 mchana wa Februari, lakini Juni saa hiyo hiyo hutupa kivuli cha karibu mita 1.7. Tuta langu la kwanza nililiegemeza kwenye ukuta wa namna hiyo. Mboga ziliota vizuri Aprili, na Juni zikarefuka na kupauka zikitafuta mwanga. Kama ukuta au nyumba yako iko kaskazini mwa eneo, sogea mita 2 kutoka hapo.

Ukiwa umekaa, tazama na mengine. Maji ya mvua hupita wapi? Alama zake hubaki hata kiangazi: mchanga uliopangika kwa mistari, majani makavu yaliyokwama mahali pamoja. Usiweke tuta kwenye njia hiyo. Karo la choo liko wapi? Kaa mbali nalo mita kadhaa, hasa kwa mboga zinazoliwa mbichi. Taka zilikuwa zikichomwa wapi? Pale pana vipande vya chupa, betri na misumari, na hapafai kulima chakula. Na pale mafundi walipochanganyia zege wakati wa kujenga, juu panaweza kuonekana mchanga mtupu kumbe sentimita 10 chini pana sakafu ya saruji iliyoganda. Gonga kwa jembe ujue.

Baada ya hapo ingia jikoni. Kwa wiki moja andika kila mboga iliyonunuliwa nyumbani: fungu la mchicha Jumatatu, nyanya kila siku, bamia Jumatano, kisamvu Jumamosi. Orodha hiyo ndiyo ramani ya bustani. Nimeona watu wakipanda brokoli na letasi kwa sababu picha zake zinavutia, na mtoto wa nyumba hiyo anatumwa gengeni kununua matembele. Panda kinachoingia kwenye sufuria yako.

Ukubwa? Matuta 2, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3. Jumla ni mita za mraba 7.2 tu, na najua zinaonekana chache. Upana wa mita 1.2 hukuwezesha kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Mwaka wa kwanza usizidishe hapo hata kama kiwanja ni kikubwa. Matuta 2 yanayopaliliwa yatakulisha. Matuta 6 yaliyoota ndago yatakukatisha tamaa.

Udongo hutengenezwa

Chota udongo, ulowanishe, ufinyange kiganjani. Ukimwagika kama sukari, ni mchanga, na hivi ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya pwani. Ukishikana ukawa kamba unayoweza kuipinda, ni mfinyanzi. Ukishikana kisha ukapasuka taratibu, shukuru, una udongo mzuri. Mchanga una tatizo moja kubwa: maji hupita moja kwa moja na kuondoka na chakula cha mmea. Mfinyanzi nao hutuamisha maji mpaka mizizi ioze. Ajabu ni kwamba dawa ya yote mawili ni ile ile, mboji na samadi iliyoiva.

Mboji anza Desemba au Januari kama unaweza. Chagua kona yenye kivuli, weka rundo la mita 1 kwa mita 1. Chini tandika vijiti ili hewa ipite. Juu yake panga tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu ya mwembe, maganda ya mpunga au maranda ya seremala, kisha tabaka la vitu vibichi: maganda ya mihogo na ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai, magugu yasiyo na mbegu. Kikavu kiwe kingi kuliko kibichi, karibu mara mbili. Nyunyiza samadi kidogo na maji kila tabaka, endelea mpaka rundo lifike kifuani au karibu. Ndani ya siku chache litapata joto. Ligeuze kila baada ya wiki 2, na kwa joto letu la pwani baada ya miezi 2 au 3 litakuwa jeusi, linanukia kama msitu baada ya mvua. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, panya watahamia.

Kama umechelewa, nunua samadi. Mavi ya ng'ombe au mbuzi yaliyokaa muda mrefu ndiyo salama zaidi. Mbolea ya kuku ina nguvu sana na inahitaji kukaa miezi 2 hadi 3. Mwaka wa pili nilichukua viroba 5 kutoka banda moja la kuku wa nyama, nikaambiwa imeshaiva. Niliiamini, nikaichanganya na udongo jioni ile ile. Miche yote ya sukuma wiki iliungua kingo za majani ndani ya siku 4. Tangu hapo sichukui neno la muuzaji, naijaribu mwenyewe. Ingiza mkono katikati ya kiroba: ukihisi joto, bado. Nusa: ikikuchoma pua, bado. Halafu jaza kopo moja, nusu samadi na nusu udongo, panda mbegu 20 za mchicha, mwagilia. Zikiota nyingi na kusimama vizuri kwa wiki moja, samadi imeiva. Jaribio hilo halina gharama na litakuokolea msimu.

Kiasi ni debe 1 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1.2 kwa 3 litataka madebe 4, na kwa mchanga mtupu kama wangu nisingelia kwa kuongeza debe la tano.

Kujenga tuta, wiki ya pili na ya tatu ya Februari

Vifaa havizidi jembe, chepe, reki, ndoo 2 na kamba. Chomeka vigingi 4 kwenye pembe, funga kamba, kisha chimba sentimita 30 kwenda chini na uweke udongo pembeni. Kazi hii ifanye alfajiri au baada ya saa 11 jioni. Kaskazi inavuma, jua ni kali, na si vita.

Chini ya shimo mimi hutandika makumbi ya nazi, upande wa shimo ukitazama juu, ili yashike maji kama vikombe. Kwenye mchanga yananisaidia sana. Mwenye udongo wa mfinyanzi asitie, chini kwake maji tayari yanakaa. Rudisha udongo ukiuchanganya na madebe yako ya samadi na mboji, ongeza udongo wa njia za pembeni mpaka tuta linyanyuke sentimita 20 hadi 25 juu ya ardhi. Kingo zishikilie kwa matofali yaliyovunjika, mabanzi ya mbao au magogo ya mnazi. Mwinuko huu ndio utakaookoa mboga zako Aprili, maana maji yatapita njiani badala ya kupita juu ya mizizi. Acha njia ya sentimita 50 kati ya tuta na tuta, na chimba kijimtaro kinachoelekeza maji nje, kisiende kwa jirani.

Sawazisha kwa reki, mwagilia, kisha usipande. Subiri siku 10 hadi 14 huku ukimwagilia kila baada ya siku 2. Mbegu za magugu zilizolala kwenye udongo na samadi zitaota zikidhani msimu umefika, nawe utazifagia kwa reki zikiwa bado changa. Wiki hizi mbili huwashinda watu wengi kwa hamu ya kupanda. Zivumilie, zitakupunguzia palizi ya mwezi mzima.

Mpangaji asiye na ruhusa ya kuchimba asikate tamaa. Kiroba cha saruji kilichooshwa vizuri, au ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu 5 chini, hubeba mche 1 wa nyanya au bilinganya, au miche 3 ya spinachi. Changanya udongo sehemu 2, samadi sehemu 1, na maganda ya mpunga kidogo. Ukihama unahama nayo.

Masika ni ya majani, kipupwe ni cha nyanya

Kosa kubwa la anayeanza ni kupanda nyanya mvua zinapoanza. Nililifanya. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye amelima uwani kwake tangu sijazaliwa, alisimama kwenye uzio akitazama miche yangu. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akasema kwa upole, "Hizi nyanya umeziwahisha. Masika ni ya majani. Nyanya zingoje mvua zichoke." Kufikia katikati ya Aprili majani yalikuwa na mabaka ya kahawia kutoka chini kwenda juu, na miche kadhaa ilinyauka ikiwa bado ya kijani. Nilipomwendea tena alinionyesha jambo ambalo naliona la thamani kuliko dawa yoyote. Kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mche na udongo wake, utupe mbali na bustani wala usiutie kwenye mboji, na pale usipande tena nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Zote ni ukoo mmoja na ugonjwa ni wao.

Sababu ya bibi ni rahisi kuielewa. Mvua hulowesha majani ya nyanya mchana kutwa, na ukungu hupenda majani yaliyolowa. Kipupwe, kuanzia Juni, anga ni kavu zaidi na usiku kuna ubaridi wa nyuzi 19 hivi, hali ambayo maua ya nyanya hushika vizuri. Usiku wa Februari joto mara nyingi haliendi chini ya nyuzi 24, na maua mengi hudondoka.

Basi panga hivi. Kuanzia wiki ya pili ya Machi, tuta la kwanza ni la mchicha na matembele. La pili ni la bamia na kunde. Kando ya uzio, pasipo tuta, chomeka pingili chache za muhogo kwa ajili ya kisamvu, na mchaichai kwenye kona yenye jua. Wiki ya kwanza ya Mei, mwaga mbegu za nyanya kitaluni. Mwanzoni mwa Juni nyanya ziko tayari kuhamia mahali pa kunde.

Mchicha. Mbegu zake ni ndogo kama punje za baruti, na mkono mzito huzimwaga zote mahali pamoja. Changanya kijiko 1 cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu. Chora mistari yenye kina cha nusu sentimita, ikiachana sentimita 20, nyunyiza, funika kwa udongo mwembamba, mwagilia taratibu kwa kopo lenye matundu madogo. Tegesha makuti juu kwa siku 3 hadi 5 mpaka uote, kisha yaondoe jioni, si mchana. Muhimu kuliko yote: usipande tuta zima siku moja. Panda theluthi, ngoja wiki 2, panda theluthi nyingine. Ukipanda wote pamoja utakuwa na mchicha wa kugawa mtaa mzima wiki moja na kuukosa wiki inayofuata. Siku ya 14 punguzia, iachane upana wa vidole 3; ile unayoing'oa ni laini, ichanganye na nazi usiku huo huo. Siku ya 21 hadi 28 mvuno wenyewe umefika. Unaweza kung'oa, au kukata ukiacha shina la sentimita 15, likachipua tena.

Matembele. Hakuna mboga iliyo rahisi kuliko hii. Omba marando kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30 kutoka upande wa ncha, ondoa majani ya chini na uzike pingili 3 ardhini, kila kipande umbali wa sentimita 25. Panda jioni au siku ya mawingu. Baada ya wiki 4 hadi 5 anza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotanuka. Yape mwisho wa tuta, la sivyo yatatambaa juu ya mchicha.

Bamia. Loweka mbegu usiku mmoja. Mbegu 2 kila shimo, kina sentimita 2, nafasi sentimita 30 kati ya shimo na shimo na 60 kati ya mistari. Zikiota zote, bakiza 1 yenye nguvu. Baada ya siku 50 hadi 60 utaanza kuchuma, na ukianza usilale: kila baada ya siku 2, zikiwa urefu wa kidole. Bamia ikikomaa mtini hushupaa, na mti ukiona umeshapata mbegu hupunguza kuzaa.

Kunde panda mbegu 2 kila sentimita 20. Chuma majani machanga mara 2 au 3 kuanzia wiki ya 4. Ukimaliza usiing'oe, ikate usawa wa ardhi. Mizizi yake ina vinundu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, na hivyo ndivyo udongo unavyoandaliwa kwa nyanya zitakazofuata.

Nyanya. Kitalu kiwe mahali pa juu, chini ya kichanja cha makuti mepesi. Miche ihame ikiwa na siku 25 hadi 30, kimo cha sentimita 15. Siku 5 kabla, punguza maji na kivuli ili ikomae. Hamisha jioni, mche umezikwa mpaka karibu na majani yake ya kwanza, maana shina la nyanya lililozikwa hutoa mizizi. Nafasi ni sentimita 60 kwa 50. Chomeka mti wa mita 1.5 siku hiyo hiyo, ukingoja baadaye utaijeruhi mizizi. Funga kwa kitambaa laini, sio waya. Kama ni aina ndefu, ng'oa machipukizi yanayotokea kwenye kwapa la jani, na kwa aina zote ondoa majani yanayogusa ardhi. Utaanza kuchuma mwishoni mwa Agosti.

Mbegu nunua duka la pembejeo, paketi iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu Tanzania, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Paketi iliyoanikwa juani mlangoni mwa duka iache. Kwa anayeanza napendelea aina zisizo chotara, kama Tanya au Tengeru 97 kwa nyanya, kwa sababu mbegu zake unaweza kuzihifadhi na mwakani zikatoa nyanya ile ile.

Maji

Tuta lenye mboga linahitaji karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku isiyo na mvua. Matuta yetu mawili yatataka lita 36, yaani ndoo 2 za lita 20. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutozidisha matuta. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, polepole. Usimwagilie kwa mazoea. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kama huko chini pana unyevu, acha mpaka kesho.

Onja maji ya kisima chako. Kwetu yana chumvi kidogo, na nimeona kunde hulalamika mapema, majani yakikauka ncha, wakati mchicha na spinachi huvumilia. Ndiyo maana nathamini sana maji ya bati. Paa la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya karibu lita 1,600. Hata bila mfereji wa paa zima, pipa moja chini ya kona inayomwaga zaidi linatosha kuanzia, na maji hayo matamu yatumie kwa miche michanga. Lakini lifunikwe kwa chandarua kilichobana au mfuniko. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotulia majumbani: mapipa, ndoo, makopo, matairi. Kila Jumamosi zunguka uwani umwage kila kilichokusanya maji. Bustani isiwe chanzo cha ugonjwa nyumbani.

Mvua zikipungua Juni, tandaza matandazo. Nyasi kavu zisizo na mbegu, maganda ya mpunga au majani ya mwembe, unene wa sentimita 5, bila kugusa shina. Kwenye mchanga wetu tofauti huonekana siku ya kwanza: chini ya matandazo panabaki baridi hata saa 8 mchana. Katikati ya masika usiyaweke mazito, huficha konokono.

Wadudu na kuku

Kila asubuhi geuza majani machache utazame upande wa chini. Dakika 5 zinatosha. Vidukari utawaona wamejazana kwenye ncha za kunde na bamia. Wakiwa wachache wakamue kwa vidole au wapige kwa maji yenye sabuni. Nzi weupe huruka kama unga ukitikisa nyanya. Utitiri mwekundu hutokea kukiwa na ukavu, majani yakawa na madoa meupe na utando mwembamba. Kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo, ndiye wa kuogopwa kwenye nyanya: huchimba ndani ya jani likabaki kama karatasi, kisha huingia kwenye tunda. Jani lenye alama hiyo lichume mara moja, litie kwenye mfuko mweusi uliofungwa, uache juani siku kadhaa.

Mwarobaini tunao karibu kila mtaa. Twanga gramu 50 za mbegu zake kavu kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha chai cha sabuni ya maji, kisha nyunyiza jioni chini ya majani. Ukitumia asubuhi jua huiharibu. Rudia kila baada ya siku 7 na baada ya mvua. Kwa mchicha na matembele ya nyumbani sioni haja ya dawa ya dukani hata kidogo. Mboga ya siku 25 haina muda wa kutosha wa kuiachia dawa iishe, na mimi nilianza bustani hii hasa ili nijue watoto wanakula nini. Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji ukiwa umebeba maji taka ya viwandani na majumbani, na mboga zimekuwa zikilimwa bondeni humo kwa miaka. Kujua maji yaliyonywesha mchicha wako ni jambo kubwa.

Konokono waokote usiku kwa tochi baada ya mvua, na vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi.

Kuku ni habari nyingine. Kuku 1 wa jirani akipata tuta lililopandwa leo, ndani ya nusu saa hakuna mstari uliobaki. Zungushia wavu wa kimo cha mita 1, au uzio wa mianzi na makuti, kabla ya kupanda na kabla ya ugomvi. Kisha mpelekee jirani huyo fungu la mchicha wa kwanza.

Julai, acha mbegu

Mchicha ukianza kutoa mashuke, usiung'oe wote. Chagua mashina 2 yaliyokuwa makubwa na ya mwisho kuchanua, yafunge utepe ili mtu asiyachume kwa bahati mbaya. Mashuke yakikauka yakate asubuhi yakiwa na umande kidogo, yasipukutike, yaanike kivulini juu ya gazeti siku 5, kisha yapukuchue na kupepeta. Bamia 3 ziache mtini mpaka zipasuke. Nyanya zikianza kuiva mwishoni mwa Agosti, iliyoiva sana ikamue mbegu kwenye glasi ya maji, iache siku 2 mpaka ute wake uchache na kutengana, suuza, anika. Tia kila mbegu kwenye chupa kavu pamoja na majivu makavu kidogo, andika jina na mwezi, weka kabatini mbali na jiko. Vuli huanza Oktoba, na matuta yatahitaji madebe 2 mapya ya mboji kila moja kufikia katikati ya Septemba.